Mlango wa Bu Retna

Salatiga,
Jumapili, 14 Mei 1995

Kwako Baba yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Napiga magoti mbele yako kwa maandishi haya, kama nifanyavyo asubuhi ya Idi, paji langu likiwa juu ya magoti yako. Natumai barua itakukuta na uzima, na kwamba kile kikohozi kilichokuganda tangu mvua za Februari kimekwisha. Na macho je? Mdogo wangu Ningrum ameniandikia kwamba daktari amekutazama tena na kusema ukungu umeshafika jicho la pili. Habari hiyo iliniuma sana, Baba, na baadaye utaelewa kwa nini iliniuma kuliko inavyomuuma mtoto mwingine yeyote. Mimi huku ni mzima. Mvua zimekata, asubuhi baridi inashuka kutoka mlimani, na mdogo wangu asiwe na wasiwasi, koti alilonifumia nalivaa.

Najua anayekusomea ni shemeji Prapto, maana Ningrum huona aibu kusoma kwa sauti, na wewe mwenyewe umesema mara nyingi kwamba sauti ya Prapto ndiyo macho yako siku hizi. Prapto, nakusalimu sana. Kabla hujaendelea, mpe Baba kile kifurushi kilichokuja na barua, kilichoshonewa ndani ya kitambaa cha batiki. Akiweke mapajani. Kisifunguliwe mpaka nitakapoomba. Halafu nina ombi la pili, na hili ni gumu zaidi: soma kila neno kama lilivyoandikwa. Nakujua wewe. Barua ikiwa na neno la kumuumiza mtu unaliruka kiulaini kama mtu anayevuka mtaro. Leo usiruke kitu.

Baba, naandika juu ya nyundo ya Babu. Siku ya Idi ulitangaza mbele ya wajomba na majirani kwamba tarehe mosi ya mwezi wa Suro, mwaka wetu mpya wa Kijava, utanikabidhi nyundo ile, pamoja na jina lako kwenye gereji zote mbili. Watu walishangilia, nami nikainamisha kichwa, wakadhani ni adabu. Haikuwa adabu. Zimebaki wiki mbili na siku chache, na siwezi kuipokea. Nitakueleza kwa nini tangu mwanzo, ingawa mengine utasema unayajua tayari. Uliyoambiwa siyo yaliyotokea.

Bu Retna unamkumbuka, yule mwalimu mstaafu, mjane wa daktari wa mifugo. Gari lake ni Fiat 1100 ya mwaka 1957, rangi ya maziwa, ambalo marehemu mumewe aliendeshea vijiji vyote vya huko juu akitibu ng'ombe mpaka alipofariki. Juni ya mwaka juzi mpwa wake, Yudo, alikuwa akishuka nalo kutoka Kopeng, lori la kabichi likamjia upande wa kulia. Watu walitoka salama. Digadi la mbele lilikunjamana lote, na mlango wa dereva ukaingia ndani kiasi cha kuweza kulaza mtoto mchanga kwenye bonde lake.

Bu Retna alikuja mwenyewe kuniletea. Aliketi kwenye benchi letu, akanywa chai yake mpaka mwisho, ndipo akasema alichojia. Alisema rangi tutaipaka sisi kadiri tutakavyoweza kuilinganisha, yeye hana neno. Lakini bati alitaka lile lile. Hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza. Nilitanua kifua nikamwonyesha kibao chako pale mlangoni, chenye jina lako na maneno yale uliyoyaandika kwa mkono wako mwenyewe, kwamba kwa Kartodimejo bati halibadilishwi. Nikamwambia alale usingizi.

Tukagawana kazi. Prapto akachukua digadi, mimi nikachukua mlango. Niliuchagua mlango kwa sababu ndicho kitu cha kwanza mteja anachokishika siku ya kuchukua gari, na mimi sifa nilikuwa nazipenda, tena nazipenda sana. Tukafunga pazia.

Ulitufundisha juu ya pazia lile, Baba. Watu wa nje wanadhani nyuma yake tunaita majini ya kwetu Blitar yaje kunyoosha bati, nasi tunawaachia wadhani hivyo kwa kuwa inaleta wateja. Lakini ulituambia sisi wawili, mwaka ule wa kwanza, kwamba nyuma ya pazia kuna nyundo ya mti, mfuko wa mchanga na subira, basi. Ulisema pazia ni la kumsitiri mwenye gari asilione gari lake likiwa uchi. Na ukasema anayenyoosha afunge saumu Jumatatu na Alhamisi, siku zote za kazi hiyo. Nilikuwa nikikuitikia na moyoni nikisema haya ni mambo ya wazee.

Prapto alifunga. Siku tatu nzima alilipapasa tu lile digadi kabla hajalipiga hata nyundo moja. Mimi nikawa namcheka. Nikamuuliza, "Shemeji, unalinyoosha bati au unalichumbia?" Naye akajibu bila kuinua kichwa, "Nalisikiliza, kaka. Wewe tangulia, tutakutana kwenye rangi." Ndivyo tulivyokuwa, utani kutwa, na ninaukumbuka utani ule kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Basi akapita mwenyekiti wa chama cha wenye magari ya zamani. Walikuwa wakipanga msafara wa Siku ya Uhuru, tarehe kumi na saba Agosti, na akauliza kama Fiat ya marehemu daktari itakuwa tayari. Prapto akasema labda Septemba. Mimi nikamkata kauli, nikasema litakuwa tayari, na likipita mbele ya watu wakumbuke limetoka mikono ya nani. Kulikuwa na watu watano sita wamesimama pale. Nikishasema mbele ya watu huwa sirudi nyuma, hata nikiona shimo liko mbele yangu.

Alhamisi moja kabla ya msafara, mchana, nikiwa natakiwa kuwa na saumu, nilivuka barabara nikala mchuzi wa mbuzi sahani mbili. Nikarudi nimeshiba, mzito, na mwenye haraka. Mlango ulikuwa umebakiza bonde dogo pembe ya chini ambalo lilikuwa likikataa. Ningelipiga kwa nyundo ya mti taratibu, lingechukua siku nne. Nikawasha gesi. Nikalipasha moto, nikapiga, nikalipasha tena. Unajua kilichotokea, huhitaji kusomewa. Bati lilivimba, likaanza kucheza likibonyezwa kama kifuniko cha kopo, nami badala ya kuacha nikazidi kulipiga kwa hasira mpaka likawa jembamba, na pembeni likatoboka. Ndipo nilipojua saumu ile ilikuwa ya nini. Mwenye njaa hana mbio mkononi. Nililijua hilo nikiwa na mafuta ya mbuzi bado kwenye vidole.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyekuambia. Nilipovua kava la ndani la mlango, siku ya kwanza kabisa, niliona maandishi yamechorwa kwenye bati kwa kitu chenye ncha kali. Yalikuwa majina matatu na miaka: Wulan 1958, Bagas 1960, Ratri 1963. Niliyasoma kwa sauti. Prapto akasema labda tumuulize Bu Retna. Nikasema ni michezo ya watoto, tuendelee na kazi. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuona. Niliona, na nilijua ni majina ya watu.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi kwenda Semarang. Nikapata mlango wa Fiat ya aina hiyo hiyo kwenye mabaki ya magari, rangi ya buluu, umenyooka kama uliotoka kiwandani jana. Nikaurudisha umefungwa kwenye gunia. Jumapili akapita Kasdi, yule mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake. Nilipoubeba mlango wa Bu Retna kumpelekea, Prapto alisimama kati yangu na mkokoteni. Hakupandisha sauti. Alisema, "Kaka, tusimdanganye mama wa watu. Tumwambie limeungua. Atakasirika, atatusema, yatakwisha."

Nikamjibu neno ambalo sasa naliandika, na yeye ndiye anayelisoma. Nilimwambia, "Hii gereji ni ya baba yangu. Wewe umeoa tu humu."

Akasogea pembeni. Kasdi akaupakia mlango, akaenda zake akipuliza filimbi.

Siku ya kukabidhi nilivuta pazia kwa madaha. Bu Retna alizunguka gari polepole. Alilipapasa digadi la Prapto, akatabasamu, akasema ni lile lile kabisa, hata ule mchubuko wa ndani ya ukingo ulikuwepo. Halafu akaufungua mlango wangu. Akainama, akaingiza vidole kule chini ambako kava hufunuka kidogo, akatafuta. Akavitoa. Akaviingiza tena, mbele kidogo, kisha nyuma kidogo. Nilikuwa nimesimama karibu yake kiasi cha kusikia pumzi zake. Mwishoni akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huu mlango ni ule ule?" Nikasema, "Ule ule, Bu." Akanishukuru. Aliponishukuru akaenda kukaa kiti cha nyuma, na kumbe siku zote alikuwa akikaa mbele.

Tarehe kumi na saba gari lilipita kwenye msafara na bendera yake. Mimi nilisimama kando ya barabara nikajipigia makofi. Bu Retna hakuwemo ndani.

Yaliyofuata unayajua nusu. Oktoba yule mpwa wake alilikwaruza gari kwenye nguzo ya geti, na chini ya rangi ya maziwa ikatokeza buluu. Akaja gereji amefura. Alinikuta mimi na Prapto, Prapto akiwa na msasa mkononi. Aliponiuliza, mdomo ukasema wenyewe. Nikasema kazi ya mlango aliifanya shemeji yangu, mimi sikujua. Prapto alinitazama. Akauweka msasa juu ya benchi, taratibu, akaenda kunawa mikono. Hakusema kitu kwa yule kijana, wala kwangu, wala siku iliyofuata.

Bu Retna akakuandikia kwa sababu jina kwenye kibao ni lako. Hakumtaja mtu, alisema tu kwamba amebadilishiwa bati. Nawe ukapanda basi, mzee wa umri wako, saa tisa njiani, ukaja. Ulimwomba Bu Retna msamaha kwa kuinama mpaka chini, mimi nikiwa nyuma yako. Kisha ukarudi gereji ukaketi, ukauliza mlango wenyewe uko wapi. Ulisema, "Macho yameanza kunidanganya, lakini vidole bado. Nipeni bati hilo nilishike, nitajua nyundo ya nani imepita juu yake." Nami nikasema upesi kwamba Kasdi ameshauuza, umeyeyushwa. Nilikuwa sijui kama umeyeyushwa. Nilisema kwa kuwa niliviogopa vidole vyako.

Kisha nikarudia mbele yako ule uwongo niliompa Yudo, kwamba kazi ilikuwa ya shemeji. Ukamgeukia Prapto ukamuuliza ana la kusema. Akainamisha kichwa. Ukanyoosha mkono, akakupa nyundo yake, ile uliyompa siku ya harusi yake. Ukamwambia mkono uliomdanganya mjane usiguse bati lako tena maishani. Akajibu, "Ndiyo, Baba." Akafungasha nguo zake, akaondoka nawe. Mimi nikawapeleka stendi. Niliwanunulia na karanga za njiani.

Baba, nitakuwa mkweli mpaka mwisho: baada ya hapo nililala vizuri. Mwaka mzima na zaidi. Kazi zilikuja, nikajiambia Prapto anafuga samaki wa mapambo sasa, ni kazi isiyo na vumbi, pengine nimemfanyia hisani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Kilichonivunja ni Idi ya mwaka huu. Unajua tunavyofanya: mdogo humpigia magoti mkubwa na kumwomba radhi kwa makosa yote, ya wazi na ya siri. Nilikupigia magoti wewe, nikawapigia wajomba, kisha nikaketi kwenye kiti kama kaka mkubwa nikangoja walio chini yangu. Ningrum akaja. Nyuma yake akaja Prapto. Kiumri ananizidi miaka miwili, lakini kwa kuwa amemwoa mdogo wangu, alipiga magoti. Mikono yake ilikuwa migumu kwa majembe ya kuchimbia mabwawa, na ilinuka samaki. Akaweka paji lake juu ya magoti yangu, akasema anaomba nimsamehe kwa lolote alilonikosea, nililoliona na nisiloliona. Desturi inataka mtu ajibu. Nikajibu, "Nimekusamehe, Prapto." Nilimsamehe, Baba! Watu wote wakiwa wanatazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na kiti.

Jioni yake nilimfuata kwenye mabwawa. Nikamuuliza kwa nini siku ile hakusema. Alikuwa anawalisha samaki, akaendelea kuwalisha. Akasema, "Baba ana mtoto mmoja tu wa kiume, na macho yanamwishia. Niliona nisimwondolee vyote kwa mara moja." Halafu akaniuliza kama nitakula hapo au nitarudi ndani, maana dada yako amepika.

Prapto, najua hapa unataka kuruka. Endelea.

Niliporudi huku nilimtafuta Kasdi. Alikumbuka. Mlango haukuyeyushwa kamwe, kwa sababu ulikuwa mzuri mno kuuzwa kwa kilo. Alimuuzia bibi mmoja wa Banyubiru, kule kwenye ziwa, anayefuga bata. Nilienda Jumapili nne, kijiji kwa kijiji, na mara ya nne nikauona. Umesimama kwenye boma la bata, umefungwa kwa waya mahali pa geti, kitasa bado kinafanya kazi. Nikaingiza mkono upande wa ndani, chini ya matope na kinyesi cha bata. Wulan. Bagas. Ratri. Nililia pale, bata wakinipigia kelele.

Yule bibi, Mbah Sarwi, alitoka na fagio akitaka kujua mwendawazimu gani analilia geti lake. Nikamweleza kwamba ni mlango wa gari. Akasema analijua hilo, yeye si kipofu, ila gari lenyewe liko wapi, au nataka bata wake wapande? Fedha alizikataa kabisa. Alisema bata wakizoea geti moja, geti jingine hawapiti. Mwisho tukapatana nimtengenezee geti la mbao lenye kimo kile kile na kitasa kile kile. Nilifanya kazi siku nzima chini ya macho yake, akinikosoa kila msumari. Bata walipopita bila kusita, ndipo akanifungulia ile waya.

Niliuosha mlango, nikaubeba begani mpaka kwa Bu Retna. Nilimkuta barazani. Sikungoja aniulize. Nilimwambia yote, pamoja na jina la aliyefanya na jina la aliyesingiziwa. Alishuka ngazi, akachuchumaa penye mlango, kwa umri ule, akayapapasa majina. Kisha akasimulia, akiuangalia mlango tu. Kila mtoto alipozaliwa mumewe alikuja hospitalini na gari lile, na kwa furaha akachora jina kwa kisu chake cha upasuaji, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mfukoni. Wawili wa kwanza ni watu wazima, wako Jakarta. Ratri aliishi siku tisa. Hakupigwa picha. Hati zake ziliharibika kwenye mafuriko. Mahali pekee duniani jina la mtoto yule lilipoandikwa na mkono wa baba yake ni ndani ya mlango ule, nami niliuuza kwa Kasdi Jumapili asubuhi.

Hakunikaribisha chai, Baba. Unaijua Salatiga. Hata mkusanya taka hupewa chai. Mimi nilisimama juani, naye akapanda ngazi zake, na alipofika juu akageuka. Nikamwomba aniruhusu niurudishe mlango kwenye gari mwenyewe, kwa mikono yangu. Akasema, "Wewe hapana. Mlete yule aliyenyamaza." Ndilo neno la mwisho aliloniambia.

Kupitia kwa Yudo nilimwomba ruhusa ya kukata kipande kimoja tu cha mlango, naye akakubali. Ile pembe ya chini iliyoungua haiwezi kupona, lazima ikatwe na kuchomelewa kipande kipya. Iko mbali na majina. Niliikata kwa uangalifu.

Sasa Baba, fungua kifurushi.

Usimsikilize mtu yeyote kwa dakika moja, hata mimi. Shika hilo bati. Pitisha kidole gumba mgongoni mwake kama ulivyotufundisha. Utakuta mapigo mapana, yamelalia kushoto, yanafuatana upesi upesi kama mtu anayekimbizwa. Pigo la Prapto ni dogo na limesimama wima, ulimsifia hilo siku zote mbele yangu, nami nilikuwa nakasirika. Ulisema ungejua nyundo ya nani imepita. Nilikunyima bati hilo siku ile ulipoliomba, na leo nimekurudishia. Hata kama Prapto ameruka nusu ya barua hii ili kunisitiri, na ninamdhania hilo, bati hawezi kuliruka.

Nyundo ya Babu usinipe. Ile uliyomnyang'anya mrudishie, na hiyo ya Babu mpe yeye siku ya mosi ya Suro, mbele ya wajomba wale wale na majirani wale wale, na mimi niwepo nisimame watakapouliza kwa nini. Kibao chenye jina lako nimekishusha leo asubuhi, nimekifunika gunia ndani. Ukitaka nirudi nyumbani nichimbe mabwawa, nitachimba. Ukitaka nisikanyage kwako, nitakaa huku na kuelewa. Sikuombi unisamehe katika barua. Nitakuja mwenyewe kuomba, na nitaanzia mabwawani kabla sijaingia nyumbani kwako.

Msalimie Ningrum, na umwambie kwamba alikuwa na haki ya kujua kwamba mume aliyempata ni bora kuliko kaka aliyepewa. Wasalimie wajomba wote, na majirani wa upande wa msikitini, na yeyote atakayeuliza habari zangu usimfiche. Mungu akulinde, Baba, akuachie vidole vyako hata akichukua macho.

Ni mimi mwanao niliyekuaibisha,

Wiyono

Prapto, maneno haya ya chini ni yako, lakini yasome kwa sauti. Mlango uko kwa Bu Retna barazani, umefunikwa kwa shuka. Bawaba nimezipaka mafuta, bati la kuziba ile pembe nimelikata kwa kipimo ila sijalipiga hata mara moja. Yudo anasema mama yake mkubwa huuliza kila asubuhi kama fundi ameshafika. Sitangoja Idi. Ukishuka kwenye basi pale stendi, atakayepiga magoti atakuwa mimi.